Nambari Nilizomwambia Gekara Aandike

Naitwa Kiarie, na nimekuwa na duka kando ya njia iendayo Roret tangu mwaka wa Uhuru. Nimewauzia sukari watu wema na watu wabaya, na sijawahi kujiuliza mimi niko upande gani. Nilijua nilipomfanyia rafiki yangu Gekara jambo ambalo nataka kulisema hapa, kwa kuwa watu wengine wa laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa chai, bado wanasema kosa lilikuwa lake.

Gekara alikuwa Mkisii mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema neno, kama anaomba ruhusa. Kazi yake iliwachekesha watu. Wenzake katika nyumba za laini walichuma chai au kubeba kuni kiwandani. Yeye alilipwa na watu wa maji walioko Kericho kwa kuuliza mto hali yake. Kila siku, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, aliteremka ngazi mia mbili na kumi alizozichimba mwenyewe kwenye udongo mwekundu hadi mto Kiptiget. Alisoma ubao mweupe wenye nambari uliosimikwa majini, kisha akafunga kipimajoto kwa kamba, akakizamisha mahali penye kivuli, akangoja dakika tatu kamili. Alichokiona alikiandika kitabuni kwa penseli. Mwisho wa mwezi mtu anayejua kusoma alitakiwa kutia sahihi chini ya ukurasa kama shahidi, na mtu huyo alikuwa mimi, kwa sababu mfuko wa barua za eneo letu ulipitia dukani kwangu.

Nilimtania. "Mzee Gekara, mgonjwa wako ameamkaje?"

"Ana kumi na tatu na nusu," alijibu bila kucheka. "Afadhali ya jana."

Miaka mitano alifanya hivyo bila kukosa hata siku moja, na mto ukamfundisha mambo ambayo sisi tuliokaa juu hatukuyajua. Januari na Februari, jua likiwaka na maji yakiwa machache na safi, mchana yalifika nyuzi kumi na nane, hata kumi na tisa. Hapo aliwaacha watoto wa laini waogelee kwenye kidimbwi kilicho chini ya daraja, mradi watoke jua likianza kuinama. Mvua kubwa za Aprili zikija, maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa na kubeba magogo, naye aliwafukuza wote, wakubwa kwa wadogo. Lakini miezi aliyoiogopa hasa ni Juni, Julai na Agosti. Mto huonekana mtulivu miezi hiyo, watu wanauzoea, kumbe umeshuka hadi nyuzi kumi na mbili, kwa maana unatoka msituni huko juu ambako jua haligusi ardhi. Mtoto aliyetaka kuvuka kwa miguu Julai alimpa hesabu ya mia moja. Akifika mia moja hajatoka, Gekara alimfuata na fimbo. Alisema baridi ya Julai ina adabu ya kinafiki: huanza na vidole, ikapanda miguuni, na mwishoni mtu husahau kwamba alikuwa anataka kutoka.

Na kulikuwa na jambo moja alilolirudia mpaka nikachoka. Asubuhi za Julai Kiptiget hutoa mvuke mzito, na mtu akitia mkono husema maji ni ya vuguvugu. "Siyo maji iko na joto," Gekara aliniambia. "Ni mkono wako iko na baridi. Hewa ni nane, maji ni kumi na mbili, mkono unafurahi bure. Usiulize mkono. Uliza themometa."

Desemba ya mwaka wa 1969, baada ya mvua ya mawe, aliteleza kwenye ngazi zake mwenyewe. Nilimkuta dukani amekaa juu ya gunia la mahindi, goti limefura, ameshika kamba isiyo na kitu.

"Kiarie," akasema, "nimevunja kitu ya serikali."

Leo ni rahisi kucheka. Lakini Gekara alikuwa amefanya kazi kwa Mzungu kabla ya Uhuru, akamwona mwenzake akifukuzwa na mke na watoto kwa ajili ya sahani iliyopasuka, na kwake serikali mpya ilikuwa Mzungu yule yule aliyebadilisha kofia. Goti lile lisingechuma chai tena. Kwao Kisii, shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa na ndugu zake, na fungu alilobakiziwa lilitosha migomba mitatu. Nyumba aliyolala na mkewe aliipata kwa sababu ya kazi ya mto. Aliona kipimajoto kile kimevunjika na maisha yake yote pamoja nacho.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu huu. Nilimwambia ubao anaweza kuusoma akiwa darajani bila kuteremka. "Na hiyo joto, nani atakuja kupima? Wewe unajua mto kuliko mto unavyojijua. Andika tu."

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu akaandika.

Basi ikawa desturi yetu. Asubuhi Gekara alipitia darajani, akasoma ubao, akaja dukani akichechemea, akakaa karibu na jiko la makaa. Nilimtilia chai. Alifungua kitabu, akalowesha penseli kwa ulimi, akaniuliza, "Leo tuseme ngapi?" Mwanzoni nambari zilikuwa zake, na alizifikiria kwa dhamiri. Baadaye mimi nilianza kuzitaja, kwa mzaha, kama mtu anayecheza karata. "Andika kumi na sita na nusu. Hiyo nusu itawaonyesha umetazama na macho mawili." Nambari ndogo sikuzipenda. Nilimwambia zitawafanya wakubwa waje kuangalia kuna nini. Hivyo Julai ya mwaka wa 1970 Kiptiget ilipata joto ambalo haijawahi kulipata tangu iumbwe, na mwisho wa mwezi nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu. Hakuna aliyeuliza. Sikuona haya hata kidogo, na nilijiona mtu mwerevu aliyemwokoa rafiki.

Mkewe aliitwa Yunia Nyambeki. Miaka ile kabla Gekara hajapata kazi ya mto, Yunia aliwalisha watoto kwa kupika pombe nyuma ya nyumba, na hakuna askari wa kampuni ya chai asiyejua harufu ya mtungi wake. Kazi ilipopatikana aliacha, lakini pombe ina miguu ya kurudi. Alitaka kubatizwa na watu wa Jumamosi, kama nilivyowaita waumini wa kanisa la Gekara, wanaoabudu siku hiyo. Mara ya kwanza walimtoa katika darasa la ubatizo kwa sababu ya mtungi. Mara ya pili vilevile. Hii ilikuwa ya tatu, na alikuwa amekaa miaka miwili bila hata kuinusa.

Mimi ni mtu wa kunyunyiziwa. Kanisani kwetu kikombe kimoja cha maji humtosha mtu na jamaa yake yote. Hao wengine wanataka mto mzima. Nilimwambia hivyo Yunia akacheka mpaka akashika kifua, nami nikanyamaza upesi, kwa sababu daktari wa hospitali ya misheni alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umevimba. Asibebe mtungi, asipande mlima, asishtuke. Kutoka laini hadi dukani kwangu alipumzika mara nne, na nilipomtolea kiti alikataa. "Nikikaa, bwana Kiarie, utanibeba," alisema. Watoto wake walikuwa wakubwa, wameenda zao. Alichobakiza kutaka duniani ni kuzamishwa na kuandikwa jina.

Julai ya mwaka wa 1971 alikuja mchungaji wao, Pasta Ogari. Alikuwa bado kijana, lakini mwangalifu kuliko wazee wengi. Mwaka uliotangulia, katika mto mwingine mbali na kwetu, mzee mmoja alizimia mikononi mwake ndani ya maji, ikabidi wamkande hadi jioni. Pasta alimwendea daktari, akaambiwa wazee na wagonjwa wasizamishwe katika maji yaliyo chini ya nyuzi kumi na tano. Akaifanya sheria. Maji yakiwa na baridi kuliko hapo, ubatizo ungengoja mpaka Januari. Siku ya Jumatatu aliingia dukani kwangu akimtafuta Gekara, akamkuta hapo hapo kando ya jiko na kitabu magotini.

"Ndugu Gekara, wewe ndiye Mungu ametuwekea kwa jambo hili," akasema. "Nionyeshe kitabu."

Alikiweka juu ya kaunta, akapitisha kidole. Tarehe moja, kumi na sita na nusu. Tarehe mbili, kumi na sita. Tarehe tatu, kumi na saba. Akafungua ukurasa wa Juni, akaona sahihi. "Na shahidi ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Bwana asifiwe. Basi Jumamosi tunabatiza. Hata Mama Yunia ataingia, asingoje tena."

Gekara alikohoa kile kikohozi chake, lakini hakuna neno lililofuata. Pasta alipotoka, aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeona nyumba yake ikishika moto. "Kiarie, mimi naenda kuua mke wangu," akasema.

Nilipaswa kumkimbilia pasta njiani. Badala yake nilianza kutafuta mlango wa nyuma, maana ndivyo nilivyo. Nikamwambia labda mwaka huu mto umepata joto kweli. Hajapima karibu miaka miwili, atajuaje? Tutafute kipimajoto tuone.

Jumanne aliazima cha zahanati. Aliteremka ngazi zote na goti lile, akakizamisha, akarudi na uso wenye tumaini la ajabu, akisema zebaki imekataa kushuka kabisa. Mhudumu wa zahanati akamweleza kwamba kipimajoto chake huanza kuhesabu kwenye thelathini na tano, kwa kuwa mtu aliye chini ya hapo hapimwi tena, anazikwa. Gekara alinisimulia jambo hilo bila kutabasamu, nami sikuweza kucheka.

Jumatano alimwendea mzee wa kanisa, Mosoti, akamwomba Yunia aahirishwe kwa sababu ya moyo. Hakuthubutu kutaja kitabu. Mosoti, mtu mgumu aliyekuwa ameiharibu mitungi ya Yunia kwa mikono yake mwenyewe, alimsikiliza na kumjibu kwamba wako wanaume wanaotamani pombe irudi nyumbani.

Alhamisi alasiri Kipkemoi alitusaidia. Alikuwa mtu wa kiwandani, wa chumba cha kunyausha majani, na alitungua kipimajoto cha ukutani akakificha ndani ya koti. Tuliteremka watatu. Gekara aliteremka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine. Aliketi juu ya jiwe lake la zamani, akashusha kamba, akahesabu dakika tatu kwa midomo, akavuta.

"Hamsini na tano," akasoma.

Nilishangilia. Nilisema hayo ni maji ya kuogea mtoto.

"Hapana, pwana Kiarie," akasema Kipkemoi kwa huruma, kwa lafudhi yake inayogeuza b kuwa p, g kuwa k na z kuwa s. "Hii ni ya samani, ya Wasungu. Kwa hii, maji inakanda parafu kwa thelathini na mpili. Hamsini na tano ni paridi sana. Kwa ile yenu mpya haifiki kumi na tatu."

"Na hii ni jioni," Gekara akasema. "Asubuhi itakuwa kumi na mbili." Aliutazama mto kwa muda mrefu, na nadhani alikuwa anauomba msamaha.

Aliniomba niende naye nyumbani asije akakosa ulimi. Yunia alikuwa ameketi kando ya meko akishona pindo la gauni jeupe. Gekara alimwambia yote, tangu siku ya kuanguka. Alimwambia nambari ni za uongo, na kwamba tulizitunga tukinywa chai. Yunia alisikiliza akiwa ameweka sindano mdomoni. Hakunitazama hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

"Baba Kebaso," akamwambia mumewe alipomaliza, "mara ya kwanza walinitoa juu ya pombe. Mara ya pili, pombe. Sasa wewe unataka nitolewe juu ya baridi?"

"Mpaka Januari tu, Mama Kebaso."

"Januari ni ya nani? Mimi nasikia hii moyo yangu nikilala. Inagonga, inanyamaza, inagonga. Haifiki Januari." Alikata uzi kwa meno. "Ukisema, utafukuzwa kazi, na mimi nitakufa Septemba bila jina. Ukinyamaza, naingia dakika mbili natoka. Dakika mbili si kitu."

Gekara alinigeukia kana kwamba mimi ni hakimu. Watoto aliwapa hesabu ya mia moja, na dakika mbili si mbali sana na hapo. Nikasema dakika mbili zinavumilika. Naye, kwa kuwa alitaka sana kuamini, akakubali. Sote watatu tulikubaliana juu ya dakika mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka jinsi watu wa Jumamosi wanavyobatiza pale Kiptiget.

Gekara alibatizwa zamani kwao Kisii, ambako kila mtu aliingia kwa zamu yake na kutoka. Lakini kingo za Kiptiget ni tope la kuteleza, na njia ni moja, nyembamba. Kwa hiyo hapa huingiza watu wote kwa pamoja, mstari mmoja, wakiwa wameshika kamba, maji yakiwafika kiunoni, wanaimba mpaka wa mwisho azamishwe, ndipo wanatoka wote. Husema ni familia moja, haigawanyiki majini. Mara ya mwisho walipofanya hivyo ilikuwa Januari, jua likiwaka, na waliobatizwa hawakutaka hata kutoka.

Jumamosi saa tatu asubuhi mvuke ulikuwa umefunika mto hata daraja lisionekane. Nilifunga duka nikaenda, nikijiambia naenda kumshangilia Yunia. Wanaobatizwa walikuwa ishirini na wawili. Pasta Ogari aliinama ukingoni, akatia mkono majini, akainua uso wenye furaha. "Vuguvugu kabisa," akasema. Wengine nao wakatia mikono, wakathibitisha. Mimi pia nilitia wangu, na naapa ulisikia joto.

Wakaingia wakiimba. Yunia alikuwa wa mwisho kwenye kamba, akiwa na gauni lake lenye pindo jipya. Gekara alimwendea Mosoti, akamwomba mkewe atangulie.

"Waliowahi kutolewa darasani hukaa mwisho," Mosoti akajibu. "Ni utaratibu wetu."

Nikamwona Gekara akihesabu vichwa. Watu ishirini na mmoja mbele ya mkewe, na sala ya kila mmoja. Aliwahi kuniambia kwamba mtu mwenye afya, katika maji ya kumi na mbili, huanza kupoteza mikono kabla ya nusu saa. Akakohoa, na safari hii neno likatoka.

"Pasta, simamisha. Hiyo kitabu yangu ni ya uongo. Hii maji ni kumi na mbili. Nilivunja themometa, nikaandika kwa kichwa."

Nyimbo zilikatika. Mosoti alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Jumatano ulikuja kwangu kutaka huyu mama asiingie. Ulishindwa, leo umetafuta njia nyingine." Watu wakanong'ona. Pasta hakuwa mtu wa kupuuza neno. Alikuwa kiunoni majini, na nadhani baridi ilikuwa bado haijaanza kazi yake mwilini mwake. Alichota maji, akayaacha yapite vidoleni, akatikisa kichwa.

"Ndugu Gekara, mkono wangu unaniambia mengine. Na kitabu kina shahidi." Akanitafuta kwenye umati. "Bwana Kiarie, wewe ndiye ulitia sahihi. Unasemaje?"

Watu wote waligeuka. Nataka kusema nilifikiria nini, ingawa si jambo la fahari. Nilifikiria mfuko wa barua, kwamba nitanyang'anywa. Nilifikiria kwamba mimi ni mtu wa kuja, duka langu liko juu ya ardhi ya wenyeji, na wako waliokuwa wakingoja sababu moja tu. Sikumfikiria Yunia. Nilimwona lakini sikumfikiria. Gekara alinitazama bila wasiwasi wowote, kwa sababu alijua kwa hakika nitasema nini.

"Gekara hajawahi kunidanganya," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli. Nililichagua kwa ajili hiyo, kama muuza duka anavyochagua jiwe la mizani. Pasta alilisikia nilivyotaka alisikie, kwamba kitabu ni kizuri. Akainua mkono, nyimbo zikaanza tena.

Gekara aliingia mtoni na viatu vyake, na goti lake, akaenda moja kwa moja kwa mkewe akamshika mkono amtoe. Wanaume wawili wa kanisa walimzuia. Yunia ndiye aliyewaambia wamwache. "Baba Kebaso, simama hapa na mimi," akasema. "Lakini usinitoe."

Basi akasimama nyuma yake. Alifungua koti lake akamfunika nalo, akamfumbata kifuani, maji yakiwa kiunoni mwao wote wawili, na hivyo wakangoja. Watu walizamishwa mmoja baada ya mwingine. Nyimbo zilipungua sauti kadiri muda ulivyokwenda, kwa sababu meno yaligongana. Pasta alipomfikia wa kumi na tano, msichana mmoja aliachia kamba, akashikwa. Pasta mwenyewe alikuwa anatetemeka, na nilimwona akitazama mikono yake kama si yake, ndipo nikajua kwamba ameanza kuelewa. Aliharakisha sala. Hata hivyo hakusimamisha, maana waliobaki walikuwa wachache. Nilikuwa hatua tano kutoka majini. Ningeweza kupaza sauti wakati wowote.

Alipomfikia Yunia, midomo ya mama huyo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mama, tuache hapa," pasta akasema. "Mungu ameona."

"Maliza," Yunia akasema.

Akammaliza. Alimzamisha na kumwinua upesi, na Gekara alimpokea kabla maji hayajamtiririka usoni. Macho yake yalikuwa wazi. Miguu ilikuwa imekwisha. Tulimbeba wanaume wanne, mimi mmoja wao, tukipanda zile ngazi, Gekara nyuma yetu akitambaa kwa mikono na kuzihesabu kwa sauti, sijui kwa nini. Alipofika arobaini na moja, Kipkemoi, aliyekuwa ameshika kichwa, alisema tumlaze chini. Tulimkanda mikono, tukamkanda kifua, nikavua koti langu na sweta. Gekara alitufikia, akaweka sikio juu ya kifua cha mkewe, akakaa hivyo. Alikaa muda mrefu kupita dakika tatu zake.

Walimzika Jumatatu, na jina lake liliandikwa. Pasta Ogari alilitaja kaburini. Jioni alikuja dukani, akasimama mbele ya kaunta bila kuvua kofia.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Mimi nilidanganywa na mkono," akasema. "Nitajibu kwa ajili ya mkono wangu." Akaenda zake. Hakuniambia mimi nitajibu kwa ajili ya nini.

Gekara alikuja wiki iliyofuata. Hakukaa kando ya jiko. Aliniomba nimwandikie barua ya watu wa maji, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, naye akanisomea maneno akiwa amesimama. Alitaja siku aliyovunja kipimajoto, na kwamba tangu siku hiyo joto lote kitabuni ni la uongo, na kwamba yuko tayari kutoka katika nyumba. Jina langu hakulitaja. Nilimwuliza kama niliongeze. Akasema hiyo ni barua yake.

Afisa alikuja mwishoni mwa Agosti kwa Landrova, kijana mwenye haraka, akaagiza soda. Gekara alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake katika magunia mawili. Kijana alifungua sanduku, akatoa kipimajoto kipya kilichofungwa kwa karatasi, akamkabidhi.

"Mzee, hizi vitu zinavunjika kila mwezi," akasema. "Kuna mtu huko upande wa Mulot amevunja tatu mwaka huu. Unaandika tu kikaratasi, tunaleta ingine. Zile nambari mbaya tutafuta. Mbona hukuandika?"

Gekara alimwomba arudie. Kijana alirudia, polepole zaidi, akidhani mzee hasikii vizuri, kisha akamaliza soda yake akaondoka.

Gekara akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Umesikia, Kiarie?"

"Nimesikia."

Akakifungua kipimajoto, akakifunga kamba, akafunga fundo mara mbili. Kisha akatoka akaanza kuteremka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, kwa kuwa ilikuwa inakaribia saa kumi.